Mama Bomba na Jiko Lisilo na Moshi

Ukimwambia mtu wa Durban kwamba Sikujua Sanga anakula kwa kufunga majiko ya kupasha nyumba joto, kwanza atacheka mpaka akushike bega. Mji huu watu wanaogelea baharini mwezi wa sita, nani anataka moto sebuleni? Sikujua huwaacha wacheke. Wakimaliza huwaalika waje wakae siku moja ya Julai ndani ya nyumba kuukuu ya mtaa wa Glenwood, yenye dari refu na sakafu ya mbao inayopitisha upepo, siku ambayo theluji imeanguka kule kwenye milima ya Drakensberg. Hakuna aliyewahi kurudi kucheka mara ya pili.

Ni mwanamke wa miaka arobaini na minne, mfupi, mwenye mikono ya fundi na sauti ya mtu aliyezoea kukatizwa na asikubali. Alizaliwa Makete, kwenye baridi ya Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, akaja Durban akiwa na miaka ishirini na minne kuuza vitenge. Vitenge vikamshinda, akapata kazi ya kufagia katika duka moja la majiko ya ukutani. Alifagia huku masikio yakiwa wazi. Mafundi wakibishana juu ya bomba, yeye alikuwa nyuma yao na ufagio wake, anasikiliza. Mwaka wa tatu akaanza kuwaonyesha walipokosea, na mwaka wa nne mwenye duka akampeleka kusomea ufundi, labda kwa matumaini kwamba angenyamaza. Hakunyamaza. Leo ana cheti chake, ana chumba chake mtaa wa Point, ana bakkie, pikapu kuukuu ya kubebea vifaa, na Waswahili wote wa mji, Wabongo, Wakenya na Wakongo, wanamwita Mama Bomba kwa sababu ya mabomba ya moshi yanayotokeza nyuma ya gari hilo.

Ana kanuni moja inayowaudhi wateja. Jiko la peleti si jiko la kuni. Linakula vipande vidogo vya unga wa mbao ulioshindiliwa, mfano wa chakula cha sungura, na mota ndiyo inayolilisha kidogo kidogo. Feni iliyo ndani yake inasukuma hewa chafu itoke nje kwa bomba. Vyote hivyo vinaendeshwa na umeme. Umeme ukikatika, feni inasimama, lakini moto hauna habari ya mgao. Unaendelea kuungua dakika kadhaa, na ile hewa lazima iende mahali. Bomba likiwa limepanda juu vya kutosha, joto lenyewe linaivuta itoke. Bomba likiwa limelala, hewa inarudi ndani kwa wenyewe. Kwa hiyo Sikujua akimaliza kazi huliwasha jiko, huliacha likolee, kisha huchomoa waya ukutani kwa mkono wake, hufunga madirisha, na kukaa nusu saa na mwenye nyumba huku kipima hewa ya sumu kikiwa mezani. Mwenye nyumba akikataa kukaa, hakabidhiwi kazi.

Sababu anayo, ingawa haitangazi. Alipokuwa na miaka kumi na mitatu, mama yake alifanya kile ambacho kila mama wa Makete alikifanya siku za baridi kali. Aliwasha mkaa nje, akasubiri moshi uishe, akasubiri tena mpaka makaa yawe mekundu, safi, ndipo akaliingiza jiko chumbani walimolala Gadiel na Dominiki, wadogo zake Sikujua. Ndivyo ilivyofundishwa tangu mabibi: kinachoua ni moshi, na moshi ukiisha jiko halina neno. Asubuhi wavulana hawakuamka. Sikujua alikuwa amelala kwa shangazi yake.

Hakuna aliyempeleka mama mahakamani, lakini kijiji nacho kina hukumu zake. Wanawake walishusha sauti kila alipofika kisimani, na jina la "yule aliyeua wanawe" likamganda. Tangu mwaka ule mama hajawasha moto ndani ya nyumba yake. Ana miaka sabini na tatu sasa, analala na mablanketi manne kwenye baridi ile, na kila Sikujua akimwambia atakuja kumfungia jiko lenye bomba, jibu ni lile lile.

"Mimi na moto tulishaachana."

Basi Julai hiyo, mgao wa umeme ukiwa mara tatu kwa siku, Sikujua alipigiwa simu na Dokta Mugambi, Mkenya wa Meru, mhadhiri wa takwimu, aliyenunua nyumba Glenwood karibu na chuo. Mkewe, Carol, alikuwa amejifungua kabla ya wakati. Mtoto wao, Makena, alikuwa amemaliza wiki tano hospitali na angeruhusiwa kesho yake, kwa sharti moja: chumba chake kiwe na joto, mchana na usiku. Mugambi alikuwa amenunua jiko la peleti la mtumba kutoka kwa familia iliyohama nchi, na wiki tatu nyuma fundi mmoja aitwaye Billy alikuwa ameshalifunga. Tatizo, alisema Mugambi, lilikuwa dogo sana. Jiko linajizima lenyewe.

Sikujua alikwenda na mwenzake wa kazi, Pierre-Claver, mwashi kutoka Uvira, Kongo, mtu mrefu mwenye huruma nyingi na woga mwingi. Hawakuingia ndani kwanza. Walizunguka nyumba kutafuta mdomo wa bomba, wakaukuta nyuma. Bomba lilitoka ukutani likiwa limelala, urefu wa mkono tu, likaishia chini ya dirisha la chumba cha uani alichopanga Abby, msichana wa Kikenya anayesomea uuguzi.

"Mama Siku, hii bomba iko chini ya dirisha ya mutu," Pierre-Claver alisema. "Mais non! Huyu fundi iko na akili kweli?"

Ndani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Viungo vya bomba vilikuwa vimezungushiwa ile karatasi ya gundi inayong'aa, wanayotumia watu wa viyoyozi, nayo ilishaanza kubanduka kwa joto. Mugambi aliwapokea kwa furaha, mrefu, miwani puani, sweta mbili mwilini.

"Mama Bomba, karibu sana. Billy alisema ni sensor tu inasumbua. Kuna wires mbili hapo nyuma, ukiziunganisha inaacha kujizima. Ni kazi ya dakika tano. Yeye ako Joburg mpaka kesho asubuhi, ndio nikakuita."

"Dokta, hiyo sensor ndiyo kitu pekee chenye akili katika kazi nzima hii," Sikujua alisema. "Inalizima jiko kwa sababu hewa haitoki vizuri. Bomba ni jembamba, limelala, na upepo wa kusini-magharibi ukivuma unairudisha hewa humu. Sasa unataka nimzibe mdomo anayekwambia ukweli?"

"Lakini hakuna moshi." Mugambi alitabasamu, kama anayemsaidia mwanafunzi mzito. "Tumekaa hapa wiki tatu, macho hayajatuwasha hata siku moja. Mimi nimekulia kwa jiko la makaa, Mama Bomba. Moshi naujua."

Sentensi hiyo Sikujua alikuwa ameisikia maisha yake yote, kwa Kikinga, kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, lakini hakuitegemea katika nyumba yenye vitabu mpaka chooni. Alitoa vipima hewa viwili mfukoni, kimoja akakiweka mezani sebuleni, kingine akamwomba Abby, aliyekuwa amekuja kuchungulia, akiweke juu ya kitanda chake kule uani.

"Liwashe," akamwambia Mugambi.

Jiko likawaka, zuri kwa kweli, miali ya manjano ikicheza nyuma ya kioo. Lilipokolea Sikujua akafunga dirisha, akachomoa waya. Feni ikanyamaza. Kwa dakika mbili hakikutokea kitu, ila harufu ndogo sana ya mkate ulioungua. Halafu namba kwenye kipima hewa zikaanza kupanda.

"Takwimu ni kazi yako, Dokta. Soma."

Mugambi aliinama. "Thirty-eight," alisema. Kisha, "Sixty." Kisha akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kutoka uani Abby aliita kwamba kwake imefika sabini na inapiga kelele. Cha sebuleni nacho kilikuwa kinalia, namba ikapita mia, ikagota mia na kumi.

"Moshi unauona?" Sikujua aliuliza.

Hakuuona. Hakuna aliyeuona. Sikujua akafungua madirisha na milango yote, akawatoa watu barazani mpaka moto ulipokufa wenyewe. Abby alikuja ameshika paji la uso.

"Kumbe ndio maana kichwa inaniuma kila asubuhi? Na mimi nilidhani ni exams!"

Mtu angefikiri mambo yangeishia hapo. Lakini mwanamume aliyengoja mtoto wiki tano ana namna yake ya kuhesabu. Mugambi aliuliza bomba sahihi lingechukua muda gani. Siku nne, Sikujua alisema, linatoka Johannesburg. Mugambi akasonya.

"Mtoto anakuja kesho. Siku nne! Unganisha hizo wires kwa siku nne tu, tutafungua madirisha."

"Ukifungua madirisha, joto la kazi gani?"

"Ni watu wangapi wamekufa na kitu kama hii hapa Durban? Nipe number."

"Ya Durban sina. Ya Makete ninayo. Wawili, na walikuwa wadogo zangu."

"Pole sana, Mama Bomba," Mugambi alisema, na alimaanisha. Halafu akaharibu. "Lakini hiyo ilikuwa makaa. Na watu wa huko, na heshima zote, hawakuwa wamesoma."

Sikujua aliinua uso wake wote akamtazama. "Mama yangu alisubiri moshi uishe ndipo akaliingiza jiko, Dokta. Alifanya kila alichofundishwa. Wewe umefundishwa nini?"

"Basi sawa," Mugambi alisema, uso umemwiva. "Hutaki, wacha. Billy atakuja asubuhi, ataunganisha."

Hapo ndipo Sikujua alipotambua kwamba kuondoka kwa heshima, na cheti chake safi mfukoni, hakutamwokoa mtu. Angeondoka, waya zingeungwa, mgao ungekuja, na mtoto wa kilo mbili angekuwa chumbani. Jiko lilikuwa limeshapoa. Akamwomba Pierre-Claver bisibisi, akapiga magoti, akafungua skrubu moja moja, akaling'oa bomba lote kutoka ukutani, akaligongagonga masizi, akatoka nalo barazani.

"Hiyo ni mali yangu!" Mugambi alimfuata. "Ukitoka na hiyo bomba kwa gate, naita polisi!"

"Mama Siku, tuache," Pierre-Claver alinong'ona. "Polisi ikikuja hapa itauliza makaratasi kwanza, bomba nyuma. Yako iko wapi?"

Makaratasi yake ya ukaazi yalikuwa kwenye foleni ya kuhuishwa tangu Machi, na alichokuwa nacho mkononi ni stakabadhi iliyochakaa mikunjoni. Alijua vizuri sana polisi mwenye haraka angeifanya nini stakabadhi hiyo. Aliogopa, tusidanganyane. Akaona basi afadhali akae, akakaa kwenye benchi la baraza, akaliweka bomba mapajani kama mtu aliyepakata mtoto.

"Getini sitoki nalo," alisema. "Nimekaa hapa hapa kwako. Waite. Nao wakija nitawaonyesha namba. Mtoto akipatwa na jambo, wataniuliza fundi, ulijua? Niwajibu nini, niwatajie jina langu?"

Abby aliangua kicheko, akajiziba mdomo. Mugambi hakucheka. Alisimama na simu mkononi, akatembea mpaka getini, akarudi. Mwishowe hakumpigia polisi, alimpigia mkewe.

Carol alifika saa tisa alasiri kutoka hospitali, akitembea polepole kwa sababu ya mshono. Mpaka hapo Sikujua alikuwa amekaa saa mbili kamili, masizi yamemchafua gauni, hajakubali hata chai. Mugambi alimwahi mkewe kwenye ngazi na kumweleza upande wake wote, kwamba fundi amegeuka mwizi na chumba cha mtoto hakina moto. Sikujua alimwangalia Carol akaona macho ya mwanamke ambaye hajalala wiki tano, akajisemea kwamba hapa ndipo atakaposhindwa. Mama mwenye mtoto hospitali anataka joto, hataki mahubiri. Hata hivyo alishikilia bomba kwa mikono yote miwili.

Carol aliuliza swali moja tu. "Namba ilifika ngapi?"

"Mia na kumi hapa," Abby alisema. "Kwangu sabini. Na mimi nimekuwa nikilala hapo."

Carol akamwomba Sikujua bomba. Sikujua alisita, kisha akampa. Carol akawasha tochi ya simu, akachungulia ndani, akalisogeza puani. Kisha akamrudishia.

"Dada, kaa nayo. Billy akikuja, nitamwambia iko na wewe." Akamgeukia mumewe. "Baba Makena, si wewe ndio ulinikataza kubishana na data?"

"Na baridi?" Mugambi aliuliza. Sauti yake ilikuwa imepungua nguvu, ya mtu mwenye hofu tu, na Sikujua kwa mara ya kwanza akamhurumia.

"Wamenifundisha kumbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, na blanketi juu. Nikichoka, wewe pia uko na kifua. Tutahamia kale kachumba kadogo, na hita ya stima ikiwaka wakati stima iko."

Kwa siku nne hizo mhadhiri wa takwimu alivua sweta zake mbili na kukaa na binti yake kifuani, saa kwa saa, akisahihisha mitihani kwa mkono mmoja. Billy naye alikuja, akakuta ukuta una tundu na jiko halina bomba, akaandika kwenye kundi la WhatsApp la Waafrika Mashariki kwamba Mama Bomba ni mwizi wa mabomba. Sikujua akaandika chini yake, "Ndiyo, na la kwako la pili popote litakapokuwa nitalifuata."

Bomba jipya lilipofika lilikuwa la kuta mbili, mmoja ndani ya mwingine, ili ule wa nje usichome chochote kilicho karibu. Pierre-Claver alitoboa ukuta mahali pengine, mbali na dirisha lolote, akaacha nafasi pande zote na kuizungushia bati la kuzuia moto. Nje, chini kabisa, walifunga kiungo chenye mfuniko wa kutolea majivu, na kutoka hapo bomba likapanda wima mpaka likapita ukingo wa paa. Kila kiungo Sikujua alikipaka silikoni inayostahimili moto, kwa kidole chake mwenyewe, maana feni inasukuma hewa kwa nguvu na tundu la sindano linaitosha. Bomba jingine dogo likaleta hewa safi kutoka nje moja kwa moja mpaka kwenye moto, jiko lisigombanie pumzi na mtoto. Jiko likawekwa juu ya vigae badala ya mbao, na soketi yake peke yake. Kengele za hewa ya sumu wakafunga mbili, moja chumba cha Makena na nyingine kwa Abby.

Kisha ikaja kanuni. Carol na mtoto walikwenda kwa jirani. Mugambi alikaa sebuleni bila kuambiwa, magoti pamoja, kama mtu anayesubiri kuchanjwa. Sikujua akachomoa waya. Feni ikanyamaza, moto ukafifia, na nje Pierre-Claver akapaza sauti kwamba hewa inapanda yenyewe, anaiona ikitetemeka juu ya paa. Mezani kipima hewa kilisoma sifuri. Baada ya dakika kumi kilisoma sifuri. Mugambi hakuondoa macho hapo, na nusu saa ilipokwisha bado kilikuwa sifuri.

Hakuomba msamaha. Watu wa aina yake huchukua muda. Aliuliza tu, akiwa bado anatazama ile namba, "Wadogo zako waliitwaje?"

"Gadiel na Dominiki."

"Gadiel na Dominiki," alirudia, taratibu, kama anayeandika. Sikujua alitoka nje haraka kwenda kukusanya vifaa, kwa sababu alikuwa analia na hakutaka kulipwa akiwa analia.

Jumapili alimpigia mama yake Makete. Baada ya salamu na habari za viazi, alimsimulia kisa kizima, jiko, mtoto, bomba mapajani. Mama aliitikia kwa miguno mpaka Sikujua alipofika kwa Dokta.

"Huyo bwana ni daktari wa nini?"

"Wa chuo kikuu, Mama. Anafundisha watu hesabu za kubaini ukweli."

"Na yeye alisema nini kuhusu moshi?"

"Alisema hakuna moshi, kwa hiyo hakuna hatari. Alikuwa na uhakika kabisa."

Nyuma ya simu Sikujua alisikia vikombe, na sauti za wanawake.

"Una wageni, Mama?"

"Akina mama wa kanisani. Wamekuja kunisalimu."

"Wale wa kisimani wamo?"

Mama alishusha sauti. "Wamo."

"Weka spika."

"Ya nini, mwanangu? Yalishapita hayo."

"Hayajapita. Weka spika, Mama."

Simu ikakwaruza, sauti za kule zikawa pana. Sikujua akasimama katikati ya chumba chake cha Point, akasimulia upya tangu mwanzo, kwa sauti ambayo majirani wa ghorofa zote mbili waliisikia: mhadhiri wa chuo kikuu, Durban, vitabu mpaka chooni, alisubiri kuona moshi, hakuuona, na angemuua mwanawe kwa mapenzi yale yale. Alipomaliza, kule Makete hakuna kikombe kilichogonga sahani. Halafu akamsikia mama yake, karibu sana na simu, sauti haitetemeki.

"Rudia hapo kwa yule daktari," mama alisema. "Kuna mmoja hapa masikio yake mazito."

Sikujua akarudia.